Mjerumani Hakuichora 240Z

Kuna hadithi ya magari iliyokataa kufa. Inasema kwamba Datsun 240Z, lile gari jekundu lenye boneti nyeusi lililotikisa Safari Rally mwanzoni mwa miaka ya 1970, halikuchorwa na Wajapani. Lilichorwa na kabaila wa Kijerumani aitwaye Albrecht Goertz, ambaye Nissan walimwita, wakachukua michoro yake, kisha wakalifukia jina lake. Msimulizi akimaliza, mwingine hudakia kwamba hata umbo lenyewe limeibwa kwa Jaguar. Wala hakosekani wa tatu, mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, wa kufunga mjadala: liwe la Mjerumani au la Mwingereza, lile lilikuwa chuma, si haya makopo ya siku hizi.

Sikubaliani na hata mmoja wao. Sina ugomvi na magari ya spoti ya zamani. Nayapenda kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye kipato changu. Ugomvi wangu ni na sifa za uongo tunazoyapachika, kwa sababu kila sifa ya uongo inamwinua mtu fulani kutoka kwenye meza yake ya kuchorea na kumkalisha mwingine ambaye hakuwepo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tumeshika kuelea, waundaji tumewatosa.

Tuanze na huyo Mjerumani. Goertz alikuwa mtu wa kweli, tena hodari. Ndiye aliyeichora BMW 507 katikati ya miaka ya 1950, gari zuri la kumfanya mtu asahau alikokuwa anakwenda, na ghali kiasi cha kuitia kampuni hasara. Yalitoka magari 250 na ushei tu. Ni kweli pia kwamba katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960 Nissan walimtumia kama mshauri, na ushauri wake unatajwa kwenye gari lao la Silvia la kwanza. Katika miaka hiyo hiyo Nissan walikuwa na mradi wa gari la spoti kwa ushirikiano na Yamaha. Mradi ule ukavunjika, Yamaha wakahamia kwa Toyota, na huko ndiko ilikotoka Toyota 2000GT iliyoanza kuuzwa mwaka 1967.

Hapo uzi wa hadithi unakatika. Gari lililozinduliwa Oktoba 1969, likiitwa Fairlady Z nyumbani Japani na 240Z kwingineko, lilianza kuchorwa upya Goertz akiwa ameshaondoka. Lilichorwa na kikundi kidogo ndani ya Nissan kilichoongozwa na Yoshihiko Matsuo, Akio Yoshida akiwa miongoni mwa walioshika penseli. Mzozo wa nani aliyelichora ulipofika kwa wanasheria, Nissan walimwandikia Goertz barua mwaka 1980. Wapenzi wa hadithi huitaja barua hiyo kana kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Kinachosemwa humo ni kwamba Goertz hakuichora Z, ila walioichora walikuwa wameathiriwa na kazi aliyoifanya nao. Sasa hilo ni ajabu gani? Kila mchoraji alifundishwa na mtu. Kitabu alichoandika mtu wa miaka thelathini hatumkabidhi mwalimu wake wa darasa la nne.

Kinachonikera ni wepesi wa watu kuiamini. Hadithi hii haikuwahi kuhitaji ushahidi, kwani ilijibu swali ambalo wasikilizaji walikuwa nalo tayari vichwani: Mjapani ameweza vipi? Mmarekani wa mwaka 1970, aliyezoea kudhani Tokyo ni mahali pa redio ndogo na vinyago vya plastiki, nitajaribu kumwelewa. Lakini hadithi hiyo hiyo inasimuliwa Nairobi na Dar es Salaam na watu wanaoamka na Toyota na kulala na Toyota, wasioliamini gari jingine lolote kwa safari ya usiku. Wanamwamini Mjapani awafikishe Mbeya, hawamwamini kwamba anajua kuchora mstari.

Na Jaguar je? Boneti ndefu, kibanda kilichosogea nyuma, mkia mfupi: kufanana kupo, sikatai. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja haikunjiki, na ukitaka kuilaza mbele ya dereva huku gari likibaki chini, utapata boneti ndefu hata ukiwa hujawahi kuiona Uingereza. Inama utazame chini. E-Type ya mwaka 1961 ina fremu ya mabomba mbele, imefungwa kwa bolti kwenye ukuta wa kibanda. Injini yake ina kamshafti mbili juu. Breki zake za nyuma ni diski, tena zimekaa ndani kando ya difu badala ya kwenye magurudumu. 240Z ni bodi moja iliyochomelewa toka mbele hadi nyuma, kamshafti ni moja, na nyuma ina breki za ngoma, mahali pake pa kawaida, ndani ya gurudumu. Huyo mwigaji gani anayebadilisha kila kisichoonekana?

Uhandisi wa 240Z uko mahali ambapo hadithi hazifiki, kwenye vipimo. Tundu la silinda lina kipenyo cha milimita 83, na pistoni inapanda na kushuka milimita 73.7. Chukua silinda nne za kipimo hicho utapata sentimita za ujazo 1,595. Hiyo ni injini ya Datsun 1600, gari la baba wa watoto wanne anayekwenda ofisini. Ongeza silinda mbili za kipimo kile kile na hesabu inatoka 2,393. Hiyo ndiyo injini ya 240Z. Kiwanda hakikubuni pistoni mpya kwa ajili ya vijana wa California. Kilichukua kipimo kilichokwisha kujithibitisha, kikakirefusha. Ndiyo sababu gari liliuzwa Marekani kwa dola 3,526, wakati E-Type ilikuwa imeshapita 5,000. Hakuna siri ya Mjerumani hapo. Kuna mhasibu na mhandisi waliokaa chumba kimoja bila kugombana, jambo ambalo ni adimu kuliko kabaila yeyote.

Jaguar nao wana hadithi yao, na yao ilichapishwa. Kila mpenzi wa E-Type atakwambia gari hilo lilikimbia maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241, na kwamba Autocar walilipima. Walilipima kweli, mwaka 1961, wakapata 150.4. Kinachoachwa nje ni kwamba gari lile lilikuwa la kiwanda, limeandaliwa mahususi kwa waandishi. Magari waliyouziwa wateja yaliishia chini zaidi, karibu na maili 140. Bado ni kasi ya kutisha kwa mwaka ule na kwa bei ile, na Jaguar hawakuhitaji kuitia chumvi. Lakini walijua wanunuzi wanapenda namba ya duara.

Halafu umbo. Watu hulitazama gari lile, laini kama lilivyo, wakaapa kwamba upepo unalipita bila kujua. Wahandisi wana namba ya kupimia jinsi umbo linavyosumbuana na hewa, na ndogo ndiyo nzuri. E-Type hutajwa kuwa na 0.44. Toyota Prius iliyotoka kwa modeli ya 2004, gari ambalo sijawahi kuona picha yake ukutani kwa kijana yeyote, ina 0.26. Jicho halioni hewa. Linaona mng'aro na mkunjo, linadhani limeona upepo.

Je, Malcolm Sayer, aliyelichora, alikuwa bure? Hata kidogo. Sayer alitoka kwenye kiwanda cha ndege cha Bristol, akachora mikunjo ya gari kwa hesabu, kwa mkono, kabla kompyuta hazijafika kwenye vyumba vya michoro ya magari. Upepo haukutani na umbo peke yake. Unakutana na ukubwa wa uso pia, na gari lake ni jembamba na fupi kimo, kwa hiyo hewa inayolazimika kusogezwa ni kidogo. Mwenye kumsifu Sayer kwa ulaini wa mstari anamsifu kwa kitu cha kawaida na kumwibia kilicho chake.

Tukiwa kwenye namba, kuna hii biashara ya nguvu farasi. Utasikia: E-Type ya 1961 ilikuwa na 265, Corvette za mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na mia tatu na zaidi, leo wanatuuzia nini? Namba zile za Marekani, na nyingi za Uingereza, zilipimwa injini ikiwa mezani, nje ya gari. Hakuna feni ya kuzungusha, hakuna alteneta, ekzosi ni bomba la wazi lisilobana pumzi, kichujio cha hewa kimewekwa pembeni. Injini ya namna hiyo haijawahi kumpeleka mtu sokoni. Mwaka 1971 General Motors walichapisha vipimo viwili kwa pamoja, cha mezani na cha injini ikiwa imevaa vyote inavyovaa ndani ya gari. Corvette yenye injini ya LT-1 ilikuwa na 330 kwa kipimo cha kwanza na 275 kwa cha pili. Injini ile ile, mwaka ule ule. Hao farasi 55 hakuna aliyewaiba; hawakuwahi kutoka zizini. Kuanzia modeli za 1972 Wamarekani wakabaki na kipimo cha pili, na wasiosoma maandishi madogo wakalia kwamba magari yamehasiwa. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo nguvu zilipungua pia kwa sababu ya sheria za moshi na petroli isiyo na risasi. Ila kupungua huko na kubadilishwa kwa rula ni mambo mawili, na hadithi imeyakoroga yakawa moja.

Kuna hadithi ndogo zaidi ambazo nitazipita haraka. Milango ya Mercedes 300 SL inayofunguka kwenda juu, ile inayoonekana kama mbwembwe za tajiri, ilitokana na shida. Rudolf Uhlenhaut na wenzake walijenga fremu ya mabomba membamba yaliyofumwa, nyepesi sana, na ili iwe na nguvu ilibidi mabomba yapite juu sana ubavuni, pale ambapo mlango wa kawaida ungeanzia. Hapakubaki mahali pa mlango ila kwenye paa. Injini yake, ambayo wengine huizungumzia kana kwamba ilishuka kutoka kwenye ndege ya kivita, msingi wake ni injini ya sedani kubwa ya Mercedes 300 aliyopanda Chansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi; ililazwa ubavu ili boneti ishuke, ikapewa pampu ya Bosch ya kupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo pampu ndiyo fahari ya mwaka 1954. Ndiyo pia iliyoendelea kusukuma petroli baada ya dereva kuzima swichi, hadi injini isimame kabisa, petroli hiyo ikaosha oili kwenye kuta za silinda. Na ekseli yake ya nyuma, iliyokuwa ikipinda magurudumu gari likinyanyuka kwenye kona, Mercedes wenyewe waliibadilisha walipotoa toleo la paa wazi mwaka 1957. Kiwanda kilikiri kwa spana. Mashabiki ndio hawajakiri.

Porsche 911 ina bahati mbaya ya kuwa na hadithi mbili zinazopingana. Moja inasema injini kukaa nyuma ya ekseli ni upumbavu uliookolewa na ukaidi wa Kijerumani. Nyingine inasema gari lilikuwa kamili tangu siku ya kwanza. Katika miaka ya mwanzo Porsche walificha vipande vya chuma vya kilo 11 kila upande ndani ya bampa ya mbele ili pua isielee. Kwa modeli za 1969 wakarefusha nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa milimita 57, na dawa hiyo ilifanya kazi kuliko vyuma vya kuficha. Mtu mwenye gari kamili hafanyi hivyo. Lakini uzito ule uliokaa nyuma ndio unaoyakandamiza magurudumu yanayosukuma, na mtu yeyote aliyewahi kukwama kwenye tope la masika anajua thamani ya jambo hilo. Uzito ule ule unaokutoa kwenye tope ndio unaokuzungusha ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona. Huwezi kuchukua moja ukaacha jingine, na wahandisi wa Porsche hawakuwahi kudai wanaweza.

Nimemwacha yule wa makopo kwa makusudi, maana yeye ndiye hatari. Wengine wanapotosha historia tu; huyu anawapotosha watu wanaonunua magari ya kubebea watoto wao. Anasema zamani kulikuwa na chuma kizito. 240Z ilikuwa na uzito wa kilo elfu moja na hamsini hivi. Nissan Z inayouzwa leo imepita 1,500. Kama uzito ndio chuma, basi kopo ni lile la mwaka 1970.

Atakwambia bati la zamani halikubonyea ovyo. Kubonyea ndiyo kazi ya bati la mbele. Béla Barényi wa Mercedes alilifahamu hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950: sehemu ya mbele na ya nyuma zijikunje, zimeze kishindo, kibanda cha katikati kibaki kizima. Gari lisilobonyea linakipeleka kishindo chote kwa aliye ndani, na mwanadamu naye hubonyea. Mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009. Bel Air ni dubwana la chuma, ndoto ya kila mpenda makorokoro mazito. Kibanda chake kiliporomoka juu ya dereva wa bandia; kibanda cha Malibu kilibaki na umbo lake. Magari ya spoti ya enzi hizo hayakuwa na muujiza ambao Bel Air iliukosa.

Na kutu? Chuma hicho kinachosifiwa kililiwa. 240Z zilianza kuoza kwenye sakafu, kwenye matao ya matairi, chini ya betri, zikiwa bado mpya machoni pa mwenye nazo. Porsche ndio walioamua kuanza kuziunda bodi za 911 kwa bati lililopakwa zinki, kuanzia modeli za 1976. Kabla ya hapo bati lilikuwa na rangi na dua. Tunayoyaona leo yaking'aa kwenye maonyesho ni yale yaliyopona, na yamepona kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuyalipia. Yaliyokufa hayaji kwenye maonyesho kutoa ushahidi.

Namkubalia jambo moja: baadhi ya magari hayo yalitengenezeka kwa urahisi, na 240Z ni mojawapo. Fungua boneti, kila kitu kinaonekana na mkono unaingia. Ila asilifanye kuwa sheria. Ukitaka kubadilisha klachi ya E-Type, unatoa injini na giaboksi kwa pamoja. Zile breki za ndani za nyuma zimewafundisha mafundi wengi matusi mapya.

Sasa turudi Safari, maana huko ndiko watu hunitupia hoja ya mwisho: kama halikuwa chuma, lilishindaje? Yatazame yaliyolitangulia kushinda. Volkswagen. Ford Zephyr. Mercedes 219. Volvo PV544 ya Joginder Singh mwaka 1965. Peugeot 404 mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Ni orodha ya magari ya walimu wakuu na makarani wa mkonge. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na Datsun 1600 SSS, lile gari la familia lenye silinda nne za milimita 83. Mwaka 1971 wakarudi, watu wale wale, wakashinda na 240Z, silinda sita za milimita 83, Shekhar Mehta na Mike Doughty wakifuata nyuma yao na 240Z nyingine.

Herrmann alikuwa Mjerumani, naam, na kama mnataka Mjerumani wa 240Z mchukueni huyo. Alikuwa mkazi wa Kenya aliyezijua barabara zile zikiwa vumbi na zikiwa tope. Mehta alizaliwa Kampala. Gari lilipewa kinga chini ya tumbo, likainuliwa, likaongezewa nguvu mahali ambapo kiwanda kilijua litapasuka, na nyuma yake kulikuwa na magari ya mafundi na vipuri. Gari ulilonunua dukani halikuwa hilo. Porsche walikuja na pesa zao na majina yao, na mwaka 1974 Joginder akiwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 alimwacha Björn Waldegård na 911 yake kwenye nafasi ya pili. Mwaka 1978, nafasi ya pili tena.

Ushindi wa mwisho wa 240Z ulikuwa 1973, Mehta akiwa na Lofty Drews. Aliyewakaba koo alikuwa Msweden Harry Källström, ndani ya gari la familia la kiwanda kile kile, Datsun 1800 SSS ya silinda nne. Baada ya maelfu ya kilomita walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa, gari la spoti na gari la kupeleka watoto shule, ikabidi waamuzi wafungue kanuni ya kutenganisha walio sawa. Kanuni ilimpa Mehta. Haikusema lolote kuhusu urefu wa boneti.